Soksi ni Soksi

Saa tisa za usiku, Tartu, Februari,
mto umeganda hadi umeacha kuwa mto.
Nateremka chumba cha chini wanakokaa vyura,
taa nyekundu kichwani, ndoo mkononi.
Jana niliwadunga homoni. Leo wametaga
mayai kama mtama uliodondoshewa wino,
kila punje nusu nyeusi, nusu nyeupe.
Yaliyovimba nayatupa. Mazima nayaosha,
nayaweka kwenye mashine ya kuzungusha
nayo yanapasuka kwa uzito wao wenyewe.

Tunataka utomvu wa katikati tu,
wenye rangi ya asali changa.
Hauna ukuta, hauna yai tena,
lakini kazi zake haujazisahau.

Humo tunatia DNA tuliyoiharibu makusudi:
pingu moja, mahali tunapopajua,
chembe ya platini iliyoshika uzi huu na uzi ule
zisiachane, na zisipoachana hazinakiliki.
(Dawa hiyo hiyo, wodi ya tatu, ng'ambo ya barabara,
huning'inizwa kwenye chupa, huua saratani.)
Kila dakika kumi naiba tone,
nalinyamazisha kwa sabuni, nalilaza barafuni.

Virve anafuma soksi kando ya mashine.
Sindano tano za chuma, sufu ya kijivu.
Kitanzi kinamponyoka, kinashuka safu nne;
anakipandisha kwa ndoano, safu kwa safu.
Nafungua mdomo.
"Usinifanyie mfano," anasema.
"Soksi ni soksi."

Haya. Niseme bila mfano.
Wanakili wawili wanakuja, huyu kulia, huyu kushoto,
wanafika penye pingu, wanasimama uso kwa uso.
(Wanakili ni mfano. Pingu pia. Najua.)
Mmoja anashushwa njiani.
Uzi mmoja unakatwa, huku na huku ya pingu,
nayo inabaki ikining'inia kwenye uzi wa pili
kama
hapana.
Kisha kinakuja kimeng'enya kisichochagua,
husoma hata pasiposomeka,
huandika herufi yoyote, afadhali kosa kuliko pengo.
Na uzi uliokatwa unakopa kwa pacha wake
herufi moja moja, mpaka deni liishe.

Chupa nambari 0417 ni damu ya mtoto.
Kwake mkasi upo; wa kuuita hayupo.
Tuliitia dawa kidogo tu, tone la tone,
kromosomu zikavunjika, zikashikana ovyo,
mikono ya huyu kwenye mabega ya yule,
kama watu walioteleza rundo moja kwenye barafu.

Nambari haina jina, ndiyo sheria.
Lakini Tartu ni mji mdogo,
na Eevi, mama yake, ndiye anayenikata nywele.
Haniulizi kitu. Husema tu, "Inamisha kichwa,"
na mkasi wake ni baridi nyuma ya sikio langu.
Siku hizi nampa bakshishi kubwa mno.
Nadhani ameshaelewa.

Saa moja na nusu asubuhi, kungali giza,
tunaweka jeli juu ya taa.
Tuliondoa protini moja kwenye utomvu wa vyura,
tukarudisha ya binadamu, kazi ya majuma sita,
ile ambayo 0417 anaikosa.
Na pale, mstari wa tatu, hafifu,
mwembamba kama alama ya kucha kwenye ngozi:
uzi uliotengenezwa.

Nakaribia kupiga kelele.
Virve anavua miwani, anaifuta, anaivaa.
"Na kwenye njia ya kulinganishia?"
Kule ambako hatukurudisha kitu.
Naangalia. Upo.
Hafifu vilevile. Mstari uleule.

Hatukuondoa yote, basi. Kuna masalia.
Naandika daftarini: *rudia*, napigia mstari.
Vyura wa tangi hili watapumzika miezi mitatu;
tangi la pili wako tayari Alhamisi.
Virve anafunga uzi, anaukata kwa meno,
anavaa soksi mkononi kuikagua kisigino.
Ni moja. Ya pili hajaianza.
Miadi yangu ya nywele ni Ijumaa.